Kachukueni leseni ya maji: barua kwa vijana wetu wa Texas

Wanangu wa Abilene, Fort Worth, Dallas na Houston,

Hamjambo. Baadhi yenu mnanikumbuka tangu Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Nilikuwa mtu wa bomba, yule aliyekuja alfajiri na spana yake kufungua koki huku madumu ya njano yakiwa kwenye foleni tangu usiku. Leo nina miaka 15 kwenye mabomba ya mji hapa Texas, nakaribia kustaafu, na kuna neno sitaki kuondoka nalo kifuani.

Jumapili nawaona mnasinzia ibadani kwa sababu mmetoka shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama au ghalani. Sizidharau kazi hizo, ndizo zilizotulipia kodi ya nyumba tulipofika. Lakini mgongo wa kijana haudumu miaka 30 kwa kunyanyua maboksi. Ipo kazi nyingine ambayo nusu yenu mmeionja tangu utotoni bila kujua kwamba huku watu wanaiheshimu na kuilipa vizuri.

Kila mfumo wa maji ya umma Texas unaohudumia wakazi lazima uendeshwe chini ya mtu mwenye leseni, uwe wa kijiji au wa jiji. Leseni hutolewa na TCEQ, mamlaka ya mazingira ya jimbo. Ngazi ya kuanzia ni D. Mnatakiwa diploma ya sekondari au GED (cheti cha mtihani kinacholingana na diploma hiyo), kozi ya saa 20, kisha mtihani ambao alama ya kufaulu ni 70. Uzoefu wa kazi hawaudai. Ada nilivyoiona mara ya mwisho ni dola 111. Ukishafanya kazi miaka 2 na kufikisha saa 60 za mafunzo, unaweza kuomba C, na hapo milango inafunguka. Baadaye huja B na A. Miji mingi pia imo katika mfuko wa pensheni wa TMRS, na hilo mlifikirie sasa, msingoje mvi.

Najua kinachowatisha: mtihani ni wa Kiingereza, tena una hesabu. Nami niliogopa. Lakini tazameni hesabu zenyewe. Galoni moja ya maji ina uzito wa paundi 8.34. Mji ukisukuma galoni milioni 2 kwa siku, nawe unataka miligramu 1.5 za klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa kila lita, zidisha 2 kwa 1.5 kwa 8.34, utapata paundi 25 za klorini kwa siku. Umemaliza. Mgandamizo nao, kila futi 2.31 za kimo cha maji hukupa paundi 1 kwa inchi ya mraba. Sheria ya jimbo inataka paundi 35 katika hali ya kawaida, kwa hiyo maji ya tangini yawe juu ya bomba lako kwa futi 81 hivi. Aliyewahi kuinua tangi ili maji yafike kwenye bomba la mwisho kambini tayari anaijua hesabu hiyo kwa mikono. Kilichobaki ni maneno ya Kiingereza, na maneno hujifunzwa.

Sasa nawaambia lililonifanya niandike. Mwezi Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, Ontario, Kanada, mvua kubwa iliosha samadi ya ng'ombe mpaka ndani ya kisima cha mji. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,300 wakaugua. Uchunguzi uligundua kwamba waendeshaji wa mfumo ule walikuwa na leseni, ila walipewa kwa ukongwe wao kazini, bila mtihani. Na katika daftari la klorini walikuwa wakiandika vipimo ambavyo hawakuvipima.

Nami niliwahi kufanya hivyo, mara moja. Ulikuwa mwaka wangu wa pili, mwezi Agosti, joto la kuchoma, na nilikuwa nimebakiza mtaa mmoja ambao bomba lake linaishia pale pale. Sikushuka kwenye gari. Niliandika namba ya wiki iliyopita. Usiku sikulala, nikawa nawaona watoto wa nyumba ya kona wanaocheza na mpira wa kumwagilia. Asubuhi nilirudi, nikajaza kichupa, nikatia unga wa kipimo. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi. Yale yalibaki meupe kama nilivyoyateka. Nilifungua bomba la zimamoto, nikayaacha yatiririke mpaka rangi ikatokea, kisha nikaenda kumwambia msimamizi nilichofanya. Nilipewa onyo la maandishi, na nilistahili.

Kiwango cha chini ni miligramu 0.2 kwa lita kwa klorini huru, au 0.5 kwa mifumo ya kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia. Ni kiasi kidogo mno, huwezi kukiona wala kukinusa. Anayefungua bomba kumkorogea mwanawe maziwa hana njia ya kujua kama ulishuka kwenye gari au hukushuka.

Ile baridi ya Februari 2021 mnaikumbuka. Umeme ulikatika, mabomba yakapasuka, na mamilioni ya watu wakatangaziwa kuchemsha maji, maana mgandamizo ukishuka chini ya paundi 20 uchafu unaweza kupenya ndani ya bomba. Tulilala kazini, tukifunga valvu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Wenzangu wengi wa usiku ule wameshastaafu au wanakaribia. Nafasi zao zinatangazwa, na katika waombaji sioni majina yetu.

Dada zetu pia, barua hii ni yenu. Kambini aliyejua bei ya dumu moja la maji alikuwa mama na binti yake.

Asiye na GED aanzie hapo, asione haya. Mwenye diploma ya kule, leteni vyeti tuone namna ya kuvithibitisha. Kuanzia Jumamosi hii baada ya mazoezi ya kwaya nitakaa ukumbini na wanaotaka kujifunza. Njooni na penseli na kikokotoo. Mimi nitaleta vichupa na unga wa kipimo, na kila mmoja achote maji ya bomba la nyumbani kwake aje nayo. Yakikaa hupoteza klorini, kwa hiyo yachoteni mkiwa mlangoni mnatoka.

Mzee wenu wa bomba