Kateni bima yetu kwenye korosho, msitufuate mwezi wa tatu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo la bima ya afya kwa wote linajadiliwa sana huko mjini alafu sisi tunaotakiwa kulipa hakuna anayetuuliza hela tunapata lini.

Mimi mkulima wa korosho, Newala. Mwaka juzi mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, alipita kwetu na simu yake, kijana mstaarabu tu, akatupiga picha familia nzima chini ya mwembe, elfu 30 kaya ya watu 6 mwaka mzima. Ilikuwa mwezi wa tatu. Huku mwezi wa tatu hela hamna kabisa, watu wanasogeza siku kwa mihogo wakisubiri mahindi, mimi mwenyewe ile elfu 30 nilimkopa shemeji. Majirani karibu wote walimwambia pita baadae, na wala sio wabishi. Angekuja Novemba malipo ya mnada wa korosho yakiingia benki angeandikisha mpaka simu izime chaji.

Sasa angalieni korosho inavyouzwa. Tunapeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, inaenda ghalani, inapigwa mnada, na kabla hela haijanifikia imeshakatwa ya chama kikuu cha ushirika, ya AMCOS, ya halmashauri, ya ghala, ya usafiri, mengi yake kwa kilo. Hakuna aliyewahi kunigongea mlango kunidai. Na majina yetu wanayo, tumeandikishwa kwenye daftari la wakulima wakati wa kugawa salfa ya kupulizia mikorosho. Basi bima iingie humo humo. Nikiuza kilo 500, elfu 30 ni shilingi 60 kwa kilo, ikishatimia waache kukata, mwenye tani tano asikatwe zaidi ya mwenye gunia tatu kwa kadi ile ile.

Ila bei iangaliwe jamani. Muswada ulipojadiliwa 2022 tulisikia laki tatu na arobaini kwa kaya. Kwa kilo 500 hiyo ni 680 kila kilo, hapo hata mimi nitakimbilia kangomba, wale wanunuzi wa magendo, usiku, tusidanganyane.

Wapo wanaosema kila mtu aachwe aamue mwenyewe. Hapana, tumeshaona Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto, ilikuwa 50,400 kwa mtoto, mzazi anakata kadi mtoto akiwa tayari anaumwa, 2023 mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, wakaisitisha. Simlaumu mzazi, hata mimi ningefanya hivyo. Ndio maana mtumishi anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3, haulizwi kama amependa, hela haijafika mkononi. Lakini ule mpango wa kwanza wa muswada, wa kumnyima mtu leseni na huduma nyingine kama hana bima, nao ulikuwa wa kukomoana tu, umlazimishe mtu kulipa kwenye dirisha ambalo hana hela! Mlazimishe pale hela yake inapopita.

Wasio na mkorosho hata mmoja je, kaya za TASAF, zile maskini zinazopewa ruzuku na serikali, zinajulikana kijiji kizima, serikali iwalipie. Rwanda kaya za chini kabisa zinalipiwa, na sheria yetu ya 2023 imeshataja kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha kuwa vyanzo vya mfuko. Wanaobeti nao wawatibu bibi zetu, sawa kabisa. Bodaboda na mama ntilie ni kazi ngumu zaidi maana hela yao ni ya kila siku, labda wakatwe kidogo kidogo kwenye simu, hapo wenye akili kuliko mimi waseme.

Kingine ambacho naomba kisipuuzwe ni dawa. Ile kadi yetu tuliitumia mara moja tu. Mtoto alishikwa na homa usiku, asubuhi tukaenda zahanati, akapimwa vizuri, malaria, alafu tukaandikiwa karatasi twende duka la dawa maana dawa ya mseto imeisha. Nikalipa elfu 8 nikiwa na kadi mfukoni. Mke wangu toka siku hiyo kadi ameiweka kwenye kopo pamoja na mbegu za mchicha, na ukimwambia habari za bima anakuangalia tu. Kwaiyo wakikata kwenye korosho na sisi tusomewe kwenye mkutano wa kijiji zahanati yetu imerudishiwa shilingi ngapi na dawa gani zimeletwa, kama tunavyosomewa bei za mnada.

Msimu unafunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo makato huwa yanasomwa kwenye mkutano wa AMCOS na watu wanabishana mpaka jua linazama. Mtu wa bima aje siku hiyo, akae mbele, tumuulize maswali. Asije tena Machi.

Mkulima, Newala, Mtwara