Shangazi hakushindwa na intaneti

Mhariri,

Kila wasiotumia intaneti wanapotajwa, hakosi mtu wa kuwaita waoga au washamba. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu bilioni 2.6 walikuwa nje ya mtandao. Kuna wasiofikiwa na mawimbi na kuna wasiomudu simu wala bando, lakini wengi wao wanaishi penye mtandao wa simu.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Miaka tulimsihi, akasema simu yake ndogo ya vitufe inamtosha. Mjukuu wake aliposafiri mbali, shangazi alijifunza kupiga simu ya video jioni moja, tena kwa miwani iliyokatika mkono. Mwaka 1989 mtafiti Mmarekani Fred Davis aliandika kwamba mtu hupokea teknolojia akiona itamfaa na haitamtesa, na kwamba kufaa ndiko kwenye uzito zaidi. Shangazi hajawahi kumsikia.

Ila mwambie ajaze fomu mtandaoni uone. Alijaribu mara moja. Alikosea nywila, akarudia, akakosea tena, akaunti ikafungwa. Wa kumuuliza hakuwepo. Kulikuwa na maandishi tu, ya lugha asiyoisoma vizuri, yakimtaka ajaribu baadaye. Kwenye dirisha la huduma ukikosea, karani hukusahihisha palepale, hata kama atanuna. Shangazi amepima hayo mawili na kuamua. Mimi siuoni ushamba hapo.

Siku hizi fomu zake namjazia mimi. Nywila yake ninayo, namba ya siri ya benki ninayo, hata ujumbe wa uthibitisho ukiingia kwenye simu yake hunisomea kwa sauti. (Ndivyo hasa matapeli wanavyotaka tuzoee.) Nisipopatikana atamsomea nani? Wanaofunga madirisha na kutuambia kila kitu sasa kiko mtandaoni huenda wanadhani wamemlazimisha kujifunza. Walichomfundisha ni kugawa siri zake.

Ombi langu kwao ni dogo: wabakize dirisha moja lenye mtu. Na kwenye kila fomu ya mtandaoni waweke namba ya simu inayopokelewa, na anayepokea aongee lugha ya anayepiga.

Msomaji wako wa siku nyingi