Homa imeshuka, vidonge vimebaki: kwa nini hatuuzi nusu dozi ya malaria

Mvua zikianza, duka letu la dawa hapa Arua, kaskazini mwa Uganda, haliishiwi na mzazi anayeomba nusu dozi ya dawa mseto. Vidonge vingine viko nyumbani, anasema, vilibaki kwa mtoto mkubwa ambaye homa ilimwachia siku ya pili. Huwa tunakataa, na tunajua wengine hutuona tunatafuta hela. Hebu tueleze.

Kidonge cha kawaida cha mseto kina dawa mbili, artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemetha hutokana na artemisinini, kemikali ya mmea wa Artemisia annua ambayo kikundi cha Tu Youyou kiliitenga huko China mwaka 1972. Kimelea cha malaria huishi ndani ya seli nyekundu ya damu kikila himoglobini, na mlo huo huacha masalia yenye madini ya chuma. Chuma hicho kikikutana na dawa, huvunja kiungo cha atomu mbili za oksijeni kilichomo ndani ya dawa hiyo. Kinachozaliwa hapo ni kemikali kali inayoharibu protini za kimelea huku na huku. Kimelea kinaponzwa na tumbo lake.

Ndiyo maana homa hushuka haraka. Lakini artemetha haikai: baada ya saa chache nyingi yake imeshatoka mwilini. Katika kila mzunguko wa kuzaliana wa vimelea, wa saa 48, dawa za jamii hii huweza kuvipunguza takriban mara 10,000. Siku tatu za dozi hugusa mizunguko miwili. Mgonjwa aliyekuwa na vimelea bilioni mia kadhaa bado anaweza kubaki na maelfu, ingawa anacheka na anaomba chakula. Hao maelfu ni kazi ya lumefantrini, inayokaa kwenye damu siku kadhaa. Ukiacha njiani, haifikii kiwango cha kuwamaliza.

Lumefantrini nayo inataka mafuta. Ukiimeza kwa chai ya rangi, tumbo hunyonya kidogo sana. Chai ya maziwa inafaa, au mboga iliyoungwa kwa karanga. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita, mrudishie dozi ile ile, halafu njoo tukuongezee ya kufidia.

Kuhusu kuchemsha majani ya artemisia: artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na hakuna anayeweza kukuambia kikombe chako kina kiasi gani. Dozi hafifu hatuitaki, kwa kuwa huwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa, hasa huku kaskazini. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za wagonjwa wa Gulu ambao vimelea vyao vilichelewa kuondoka hata kwa dawa ya jamii hii.

Homa ikiendelea baada ya siku tatu, usinunue pakiti nyingine. Kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo tutakuelekeza ukapimwe damu kwa hadubini. Lakini mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au akilegea, usipite dukani kwetu. Mpeleke hospitali moja kwa moja, akachomwe sindano ya artesuneti.