Tupatieni Windows kwa flashi, bando zinatumaliza

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari hapa Ujiji, kompyuta tatu na printa moja. Wateja wangu wakubwa ni walimu wanaochapisha mitihani. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, nahangaika kuhamia Windows 11. Kompyuta moja ni ya zamani, haina chipu ya usalama inayotakiwa, hiyo nimeikatia tamaa. Mbili zinafaa kabisa.

Kinachonishinda ni kulipata faili lenyewe. Lina zaidi ya GB 5. Usiku wa kwanza nililiacha likishuka, saa nane umeme ukakatika. Kiungo cha kupakulia hudumu saa 24 tu, na mtandao wetu ukizidiwa saa hizo hazitoshi, ikabidi nianze upya. Safari ya pili lilivuka asilimia 80, bando likakata. Hela ya rimu mbili za karatasi ikaenda hivyo hivyo.

Zamani tulipata nafuu. Hadi mwaka 2011 watengenezaji wa Ubuntu, programu ya bure inayoendesha kompyuta kama Windows, walikuwa wakituma CD bure kwa njia ya posta. Yangu niliipokea Kigoma mjini, na CD hiyo moja ikahudumia kompyuta nne. Mwaka huohuo Apple walitoa Lion, programu ya kuendesha kompyuta zao za Mac, kwa kupakua tu, kwa dola 29.99, lakini mwezi uliofuata wakaiuza na kwenye flashi kwa dola 69. Kama hata wateja wa Marekani walihitaji flashi, sisi je?

Wapo vijana wanaouza Windows za kunakili mitaani. Nilinunua mara moja. Virusi vikaficha mafaili yote, na mwalimu mmoja akakesha akiandika mtihani wake upya kwa mkono. Sitaki kuliona tena jambo lile.

Naomba Posta, maktaba ya mkoa au chuo cha ufundi kiweke kompyuta moja yenye faili halisi, lililopakuliwa kwa Microsoft wenyewe. Mtu aje na flashi yake ya GB 8, alipie huduma, aondoke. Leseni kila mtu ajitafutie. Na kampuni za simu zisikate bando kwa masasisho ya usalama, maana hayo hatupakui kwa starehe.

Mpaka leo kompyuta zangu zote ziko kwenye Windows 10, na mitihani ya muhula huu imo humo humo.

Mwenye steshenari,
Ujiji, Kigoma