Mwanangu, sitakuuliza tena kama umerudi

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu nimekatazwa kukuuliza. Unaikumbuka siku ile mwanasaikolojia wako aliponiita niketi nanyi dakika kumi za mwisho. Wewe ulikuwa umeinama unaangalia viatu vyako. Akaniuliza, "Mzee, kwa siku unamuuliza mara ngapi kama anajisikia vizuri?" Nikajibu kwa kujidai kabisa: asubuhi akiamka, mchana kwa simu, usiku kabla hajalala. Nilidhani nitapongezwa. Akatabasamu kidogo, akaniambia kwamba kila ninapokuuliza nakutuma uende ukajikague, na kila ukijikagua unaukuta ukungu uleule, na ukiukuta unaogopa upya.

Basi nimeacha. Ila maneno yamenijaa, na barua ina uzuri wake: unaweza kuisoma ukitaka, na huna haja ya kuijibu.

Kwanza nikuombe radhi kwa usiku ule. Ulisimama mlangoni saa nane ukasema, "Baba, mimi sipo." Nami nikakujibu kama mtu aliyekatizwa usingizi, "Hupo vipi, na huyo aliyesimama ni nani?" Ukaniletea kiganja chako karibu na uso. Ukasema unakiona, unajua ni chako, ukikikunja kinakunjika, lakini hakina mwenyewe. Chumba kilikuwa bapa kama picha iliyobandikwa ukutani. Sauti yangu ilikufikia kama inapita kwenye bomba. Moyo ulikuwa unakwenda mbio hadi niliuona ukipiga shingoni. Nilipokushika bega ukasema hata hilo ni kama limeshikwa la mtu mwingine.

Neno lililonijia ni wazimu. Sikulitamka, lakini ulilisoma usoni mwangu, najua. Na mtu ambaye tayari anaogopa kwamba anarukwa na akili, akamwona baba yake naye anaogopa hilohilo, atashika wapi?

Laiti ningejua wakati ule ninachokijua leo. Wewe tangu mwanzo ulisema "kama". Kama ndoto, kama kuna kioo katikati, kama sipo. Mtu ambaye akili yake imeachana na uhalisia hasemi "kama", yeye anaamini. Mwenye hali yako anajua wakati wote kwamba ulimwengu haujabadilika, kilichobadilika ni namna unavyomfikia. Hicho ndicho daktari wa akili alichokitafuta katika yale maswali yake marefu yaliyokuchosha. Ndipo akatupa majina: dipasonalaizesheni, pale mtu anapojiona mgeni kwake mwenyewe, na dirialaizesheni, pale dunia inapokuwa ngeni. Majina yenyewe yanatisha kuliko kitu chenyewe. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeyaweka pamoja kama tatizo moja, kwa kuwa mara nyingi huja yakifuatana.

Nilipofika nyumbani nilisoma hadi usiku wa manane. (Wewe umekatazwa kusoma habari hizi kwenye simu, na kwa sababu nzuri. Mimi sijakatazwa.) Nikamkuta Henri-Frédéric Amiel, mwalimu wa falsafa wa Geneva aliyefariki 1881. Aliacha shajara ndefu mno, na humo aliandika kwamba anayatazama maisha kana kwamba yuko ng'ambo ya kaburi. Ni katika shajara hiyo Mfaransa Ludovic Dugas alilichukua neno dipasonalaizesheni, akalipa hali hii mwaka 1898. Nikakaa kitini nikasema: kumbe mwanangu hajapatwa na kitu kisichojulikana. Watu wameishi nacho na kukiandika kabla babu yangu hajazaliwa. Na wengi huwaanza karibu na umri wako, miaka 16 hivi.

Yule daktari wa kwanza aliyesema "ni mawazo tu, akalale" bado sijamsamehe vizuri. Wa pili angalau alikupima damu aone kama tezi ya shingo ina hitilafu, akauliza habari za kifafa, kwa kuwa hivyo navyo vinaweza kuleta hisia za namna hii. Akauliza na kuhusu bangi, ukanitazama mimi kwanza. Nilitoka nje ili ujibu kwa uhuru. Ulijibu nini sijui, wala sitauliza.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako hajui. Nilipokuwa na miaka 31 nilikuwa ndani ya gari lililopinduka. Nilitoka na mkwaruzo. Nilisimama kando ya barabara nikimsikia mtu anatoa maelekezo kwa utulivu mkubwa, shika huyu, vuta mlango ule, na baada ya muda nikatambua kwamba mtu huyo ni mimi. Mikono ilikuwa inafanya kazi mbali nami, kama ya mtu ninayemtazama kutoka juu ya ukuta. Sikuhisi hofu, sikuhisi chochote. Ilidumu labda saa moja, nikalala, ikaisha. Sikumwambia mtu kwa sababu sikuwa na namna ya kuisema.

Mwanasaikolojia wako aliita hali hiyo ganzi, na sijapata neno bora kuliko hilo. Hofu ikizidi kipimo akili hujitia ganzi yenyewe ili uweze kupita. Mimi nililiona gari, kwa hiyo ganzi sikuishangaa. Wewe ulikuwa na miezi ya wasiwasi, usingizi wa saa tatu, na yale mashambulio ya hofu uliyotuficha. Ganzi ikaja hakuna gari lililopinduka. Ukaiogopa. Ganzi ikiogopwa, hofu inapanda, na hofu ikipanda ganzi inaongezwa. Tofauti yangu na yako ni hapo tu. Si kwamba mimi nilikuwa na akili imara.

Ndiyo maana tiba ilinishangaza. Nilitegemea watakufundisha kuifukuza, badala yake wakakufundisha kuiita! Ulinisimulia mwenyewe: ukakazia macho nukta moja ukutani dakika mbili, bila kupepesa sana, hadi ukuta ukaanza kuelea na mwili ukawa si wako. Ukataka kukimbia. Mwanasaikolojia wako akakaa kimya tu. Kisha akaanza kukuuliza juu ya njia uliyokuja nayo, ulipanda nini, ulikaa na nani, na katikati ya kujibu ukagundua ukuta umerudi kuwa ukuta. Hakuna aliyeurudisha. Uliporudi nyumbani ulinieleza hayo huku unafungua kamba za viatu, nami nikajua kwamba hela ile haikupotea.

Lile daftari lako la saa na alama za ukali wa ganzi, kutoka 0 hadi 10, nalo nimelielewa kwa kuchelewa. Ulikuwa unasema hali haiachi hata dakika. Daftari likasema vingine: 8 asubuhi baada ya kukesha, 3 ulipokuwa unamfundisha mdogo wako hesabu, 7 tena ulipojitazama kwenye kioo cha bafuni robo saa ukitafuta kama uso ni wako. Kioo kile, mwanangu. Hata mimi nikijitazama robo saa nitamkuta mtu nisiyemjua.

Kuhusu vidonge, usisikilize watu. Hakuna dawa iliyothibitishwa kwa ajili ya ganzi yenyewe. Unazomeza ni za wasiwasi, zinachukua majuma kadhaa kushika, na hata siku utakayojiona mzima hutaziacha ghafla bila daktari. Na ule ufunguo unaoupapasa meno yake mfukoni, endelea nao, mradi usiugeuze hirizi. Si wa kufukuza kitu. Ni wa kukupa kazi ya vidole wakati ganzi ikipita kwa mwendo wake.

Zitakuja siku mbaya. Juzi ilikuja moja, baada ya usiku bila usingizi, ukafikiri umeanza upya. Hukuanza upya. Usingizi ulikosekana, basi. Na nilikuambia kwa mdomo, nakuandikia tena: siku ukichoka hadi ukafikiri kujidhuru, mlango wangu haufungwi. Uje saa nane, uje saa tisa. Safari hii sitakujibu kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Nimalizie na Jumapili, tulipokuwa tunatengeneza mlango wa jikoni. Ulinibishia kuhusu bawaba, ukaninyang'anya bisibisi, ukaniambia naizungusha kinyume, na kweli nilikuwa naizungusha kinyume. Skrubu ikaanguka, ukatambaa chini ya meza kuitafuta huku unanicheka. Nusu saa nzima. Kisha nikakuona umesimama, umekifungua kiganja chako, unakitazama kwa macho yale ninayoyajua. Swali likanifika hapa kooni, nikalimeza.

Ukakifunga kiganja. Ukasema, "Baba, nipe ile nyingine." Nikakupa.

Baba yako