Bomba la moshi la jahazi lahitaji maji, si magunia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na manahodha wenzangu wa Lamu, na mabaharia wao, na wale wenye vyombo ambao hawapandi wenyewe bali hungoja hesabu jioni. Ninalotaka kusema lahusu bomba la moshi, lile linaloanzia kwenye injini ya ndani, likapita chini ya mbao za feuli, ghala dogo la nyuma, na kutokeza tezi, yaani nyuma ya chombo. Sisi watu wa majahazi tunakijua kila kipande cha chombo kwa jina, kuanzia mkuku hadi foromali, lakini bomba hili hatulitazami mpaka litupige.

Jahazi langu liliundwa Matondoni, futi thelathini na nane. Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyelitia injini ya dizeli ya silinda tatu, ili abiria wa Faza wasilale baharini upepo ukikatika. Fundi wa wakati ule alipitisha bomba la chuma kavu, akalizungushia kamba ya asbesto, na juu yake bati. Asbesto ilipochakaa tukaongeza magunia yaliyolowekwa. Miaka ikapita hivyo, na mimi nilirithi chombo pamoja na magunia yake. (Asbesto hiyo mwenye nayo asiikwangue kwa mikono. Vumbi lake ukilivuta huingia mapafuni likakaa, na huleta saratani baada ya miaka mingi. Iloweshe kwanza, jifunge pua na mdomo kwa barakoa ya mafundi, itie katika mfuko usiotoboka, uufunge.)

Msimu mmoja wa maleleji, pepo zinapobadilika, nilikuwa natoka Faza na abiria kumi na wawili, upepo umekufa kabisa, injini inavuta tangu alfajiri. Tulikuwa tumeshaingia Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, maji yamejaa, nami nimekwisha kufurahi kwamba tutawahi Lamu kabla ya adhuhuri. Kwanza mtoto mmoja aliyelazwa nyuma juu ya mizigo akaanza kutapika. Mama yake akasema ni bahari, lakini bahari ilikuwa kama sahani. Nikaamuru apelekwe omo, mbele, kwenye hewa, na punde akachangamka. Wakati ule sikuelewa. Leo najua bomba lilikuwa na tundu, na moshi wa injini una hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayolevya na kuua mtu amelala.

Haikupita nusu saa, kijana wangu wa ngamani, tumboni mwa chombo, akapiga kelele: "Ami, ndoo! Ubao wafuka moshi!"

Nilizima injini, nikashuka. Gunia lilikuwa limekauka na kuungua, na taruma, ule ubavu wa mti wa chombo, lililo kando ya bomba linawaka wekundu bila ndimi za moto. Kijana akachota maji ya ngama kwa upo, nikamwambia amwage kwenye mbao tu, asiguse chuma. Chuma chenye moto ule ukikimwagia maji ghafla chaweza kupasuka, na mvuke wake utakubabua uso. Tulimwaga mpaka pakanyamaza. Kisha tukapandisha tanga, pumzi ya upepo ikaja, kidogo kidogo tukafika. Nilipotia kisu kwenye lile taruma, ncha ilizama upana wa kiganja, maana ndani lilikuwa limekwisha kuwa mkaa.

Nieleze kwa nini, kwa kuwa wengi husema, "bomba langu liko vile vile miaka ishirini, halijaunguza kitu." Moshi unapotoka kwenye injini ya dizeli iliyobeba mzigo huwa na joto la nyuzi 400 na zaidi. Mti mbichi hauwaki mara moja kwa kukaa karibu nao. Lakini mti unaopashwa joto kila siku hugeuka polepole, unakauka, unakuwa mweusi, na kadiri miaka inavyokwenda huhitaji joto dogo zaidi ili uwake. Kwa hiyo miaka ishirini si ushahidi wa usalama. Na mbao zetu si mbao kavu za dukani. Tumezipaka sifa, mafuta ya papa, mwaka baada ya mwaka, na kati yake tumekalafati pamba iliyolowa mafuta. Hizo ni kuni na tambi yake.

Jambo lililoniuma zaidi nililiona wakati wa kutengeneza. Injini yangu hupozwa kwa maji ya bahari. Pampu huyavuta chini ya chombo, yanazunguka ndani ya injini, kisha yanatoka kwa mpira mdogo na kumwagika ubavuni. Miaka yote ile maji yalipita shibiri mbili tu kutoka kwenye bomba lililokuwa likiunguza jahazi langu, nasi tunayamwaga baharini! Kazi yote ilikuwa kuyageuza yale maji yaingie bombani. Karibu na injini unatia kiwiko cha chuma, kimeinama kushuka, na maji unayaingiza pale bomba lilipokwisha kugeuka chini, yasije yakarudi kwenye silinda. Maji na moshi vikichanganyika, joto lashuka hata mpira wa egzosi wa vyombo vya baharini waweza kuchukua mahali pa chuma, nawe unaweka mkono juu yake bila kuungua. Kile kipande kifupi kabla ya maji kuingia hubaki cha moto, hicho ndicho cha kuvikwa utepe wa nyuzi za kioo. Kutoka kiwikoni maji huteremka kwenye sanduku la chini, na kutoka hapo mpira hupanda juu kama shingo ya bata kabla ya kutoka tezi, ili wimbi la nyuma lisiingie. Kila kiungo klipu mbili, za chuma kisichoshika kutu. Mpira wa kumwagilia bustani usithubutu kuutumia.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nilikosea na kosa lile lilinigharimu kuliko bomba lenyewe. Injini yangu iko chini, sehemu yake kubwa imezama kuliko usawa wa maji nje. Fundi aliyenisaidia aliupeleka mpira wa maji moja kwa moja kutoka kwenye injini hadi kiwikoni. Tukajaribu, ikaenda vizuri, tukazima, tukaenda kulala. Maji yakishaanza kufuatana ndani ya mpira hayajui kwamba injini imezimwa. Usiku kucha yaliendelea kujivuta kutoka baharini, yakajaza sanduku, yakapanda bombani, yakaingia silinda. Asubuhi nilipiga starta, ikagonga mara moja "tak" na kunyamaza. Nashukuru sikulazimisha. Hewa husongwa, maji hayasongeki, na ukilazimisha kitakachopinda ni chuma. Tulifungua nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, tukazungusha injini kwa mkono, maji yakaruka. Oili ilitoka nyeupe kama tui. Tukaibadilisha mara tatu, tukiwasha kidogo kila mara, mpaka ikatoka safi.

Dawa yake ni kuupandisha ule mpira dhiraa moja juu ya usawa wa bahari, na kileleni kuweka kivali kidogo cha kuingiza hewa, ili injini ikizimwa mfuatano ukatike. Kivali hicho huziba chumvi, kioshe kwa maji matamu. Na injini ikikataa kuwaka, usipige starta juu ya starta huku koki ya bahari, ile inayoingiza maji ya kupoza, iko wazi. Kila mzunguko pampu hutia maji, na moshi wa kuyasukuma nje haupo. Funga koki, na injini ikishika tu uifungue papo hapo.

Sasa nikishawasha, jambo la kwanza ni kutazama tezi. Nataka nilione bomba likitema maji, likikohoa na kutema. Likitoa moshi mtupu au mvuke mweupe, nazima, hata kama abiria wananuna. Mara nyingi ni chujio. Ukipita Mkanda maji yakipwa unakorogea majani ya bahari na mchanga, na mifuko ya nailoni bado ipo majini ingawa nchi yetu iliipiga marufuku tangu 2017. Chujio likiziba, impela ya mpira iliyo ndani ya pampu huzunguka kavu, na dakika chache zatosha kuikata mabawa. Ukifungua pampu ukakuta mabawa mawili hayapo, usitie impela mpya ukafurahi. Yale mawili yako mbele njiani, yamekwama mahali, nayo yatazuia maji tena. Yatafute mpaka uyapate.

Na kile kiwiko chenyewe huliwa na kuzibwa. Chumvi kwa upande wa maji, masizi kwa upande wa moshi, vinakutana hapo na kuganda. Injini inaanza kutoa moshi mweusi, inapoteza nguvu. Nimeona wenzangu wanafungua nozeli na pampu ya dizeli, wanazituma Mombasa, wanalipa, zinarudi, na moshi mweusi uko pale pale. Fungua kiwiko kwanza, ni boliti nne.

Chombo changu kimekaguliwa mara nyingi. Maboya huhesabiwa, na ni haki yahesabiwe. Lakini hajatokea hata mkaguzi mmoja aliyeniambia, fungua feuli nione bomba. Naomba wahusika waliweke katika ukaguzi wa kila chombo cha abiria chenye injini ya ndani: mkono usogezwe karibu na bomba injini ikiwa inafanya kazi, bila kugusa chuma, na mbao zilizo karibu zichomwe kwa ncha ya kisu. Dakika tano hizo. Na vijana wanaosomea ufundi wa magari wafundishwe na hili, kwa sababu wao ndio tunaowaita, nao wanatuletea ujuzi wa barabarani, ambako bomba hupita hewani wala halipiti katikati ya mbao za sifa.

Kwa wenye vyombo wanaosema pesa hazipo: kazi yangu yote, pamoja na oili niliyoimwaga kwa kosa langu, haikufika bei ya tanga jipya.

Nimekikata kwa msumeno kiwiko changu cha kwanza, katikati, kwa urefu. Kilipowekwa tundu lake lilipitisha vidole vitatu, na kilipotolewa hakikupitisha hata kidole cha mwisho. Nimekihifadhi chomboni pamoja na kipande cha lile taruma. Kila Ijumaa baada ya swala jahazi langu huwa limefungwa Shela. Nahodha au fundi yeyote anayetaka kuvishika kwa mikono yake na aje, na akija na bomba lake tutalifungua pamoja.

Wako,
Nahodha wa jahazi la abiria,
Shela, Lamu