Kufunika jina si kulifuta

Mhariri,

Zamani jalada la mahakama lilikuwa wazi kwa yeyote, ila ilibidi afunge safari, apange foleni na kumngoja karani alitafute. Usumbufu huo ulilinda faragha kuliko kanuni nyingi. Jalada likishapanda mtandaoni kinga hiyo haipo tena, kwa hiyo kazi ya kuficha majina na taarifa binafsi lazima ifanyike kabla, na ifanyike sawasawa.

Kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya jina ndani ya PDF ni kawa juu ya sahani: chakula bado kipo. Januari 2019, nchini Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati ya namna hiyo. Waandishi wa habari waliyanakili maandishi yaliyofunikwa, wakayabandika kwingine, yakasomeka. Hati iliyoskaniwa nayo ina mtego wake, maana programu ya kutambua herufi huacha tabaka la maandishi nyuma ya picha. Tumia zana ya kufuta hasa, hifadhi faili jipya, kisha chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye ukurasa mtupu na utafute jina. Likitokea, rudia. Ukifuta kwa kalamu nene kwenye karatasi, toa fotokopi kwanza ndipo uiskani hiyo kopi; vinginevyo, picha ikiongezwa mwanga, herufi zaweza kuonekana chini ya wino.

Namba ya kitambulisho, saini na tarehe kamili ya kuzaliwa havimsaidii mwananchi kujua hakimu aliamuaje. Mwaka unatosha. Wala usiridhike kwa kuondoa jina peke yake: mtafiti wa faragha Latanya Sweeney, kwa takwimu za sensa ya Marekani ya 1990, alikadiria kuwa asilimia 87 ya watu wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu. Majina ya maofisa na wazabuni, na fedha za umma walizolipwa, hayo yabaki. Anayeyaficha kwa kisingizio cha faragha ana lake jambo.

Halafu kuna injini za utafutaji. Wengi huzifungia kurasa kwa robots.txt, faili linaloziambia injini zisizisome, na papo hapo kuweka agizo la noindex, yaani ukurasa usiorodheshwe kwenye matokeo. La kwanza huizuia injini kuliona la pili, na anwani ya ukurasa yaweza kuendelea kujitokeza. Acha ukurasa usomeke, weka noindex (kwa PDF agizo hilo hutumwa na seva), na anayetafuta aingie kwa namba ya jalada.

Nakala halisi, isiyofutwa neno, ibaki masijala kwa mwenye sababu ya kuiomba.

Mtunza kumbukumbu